Kivuli kinachoongeza mwanga

Kwa miaka miwili nilifanya kazi katika chumba chenye dirisha kubwa lililotazama magharibi. Asubuhi palikuwa pazuri mno. Ikishafika saa tisa alasiri jua lilianza kutambaa juu ya meza, likapanda kwenye kibodi, kisha kifuani, na kufikia saa kumi lilikuwa usoni. Tulifunga blaindi, joto likapenya vilevile. Mwenzetu mmoja akaja na karatasi za manila na selotepu, akaziba kioo chote. Tangu siku hiyo taa ziliwaka kutwa, kiyoyozi kikivuma, katika chumba ambacho aliyekichora bila shaka alikusudia kijae mwanga. Umeme tuliulipia mara mbili: mara moja kupooza joto la jua, mara ya pili kuwasha taa kwa kuwa jua tumelifungia nje.

Kioo kile hakikuwa kibovu. Kilichokosekana ni kitu cha kukaa nje yake: slabu inayojitokeza, mabapa ya mbao au ya bati, matofali ya matundu, turubai, hata mti uliopandwa mahali pake. Vyote hivyo nitaviita vikinga-jua. Kazi yake huelezwa kwa neno moja, "kuzuia jua", na hapo ndipo mambo huanza kuchanganyikana, maana anayetaka kuzuia jua tu ajenge ukuta. Kikinga-jua kizuri hutenganisha vitu viwili vinavyofika pamoja dirishani, yaani miale ya jua lenyewe na mwanga wa anga. Cha kwanza hukizuia, cha pili hukikaribisha.

Vitu viwili hivi vina tofauti kubwa mno. Siku ya anga safi, jua likiwa utosini, uwanja ulio wazi hupata mwanga wa luksi 100,000 hivi. Luksi ndicho kipimo cha mwanga unaotua juu ya eneo. Ukisogea kivulini ukabaki unaona anga pana, bado utapata luksi 10,000 au zaidi. Meza ya kusomea na kuandikia huhitaji luksi 500 tu. Yaani meza hiyo haihitaji hata asilimia moja ya jua kamili: inahitaji sehemu moja katika 200. Mwanga wa anga peke yake, bila mwale hata mmoja wa jua, unaweza kuitosheleza ukiruhusiwa kuingia kiasi. Kwa hiyo anayeacha jua liingie moja kwa moja ili "chumba kipate mwanga" ni kama anayefungua bomba la zimamoto ili ajaze kikombe.

Pamoja na mwanga huo huja joto. Jua la utosini huleta wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Karibu nusu ya nguvu hiyo ni mwanga tunaouona. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni infraredi, ambayo macho hayaioni ila ngozi huihisi. Wengi hudhani infraredi ndiyo joto, na mwanga ni mwanga tu. Si hivyo. Mwanga ukitua juu ya zulia au meza ukafyonzwa, wote hugeuka joto. Kila mwanga uingiao chumbani na usitoke tena ni joto linalosubiri mahali pa kutua. Ndiyo maana mwanga wa ziada, ule usiohitajika na meza, hauna faida yoyote. Ni mzigo wa kiyoyozi.

Kwa nini kivuli kikae nje

Kioo cha kawaida kina tabia ya mlango wa upande mmoja. Kioo kimoja cheupe hupitisha takribani asilimia 80 ya nguvu ya jua inayokigonga, kwa sababu nguvu hiyo husafiri kwa mawimbi mafupi ambayo kioo huyaachia. Nguvu hiyo ikigonga sakafu, sakafu hupata joto na kuanza kulitoa kwa mawimbi marefu. Mawimbi marefu kioo hakiyaachii. Joto likishaingia kwa njia ya mwanga, njia ileile haliwezi kutokea.

Sasa fikiria blaindi ya ndani. Jua limeshapita kioo, limeshaingia mtegoni, ndipo linapokutana na vibao vyake. Blaindi nyeupe itarudisha nje sehemu ya mwanga kabla haujageuka joto, na hiyo ni faida ya kweli, ila sehemu iliyobaki huipasha moto blaindi yenyewe. Katika chumba chetu nilizoea kugusa vibao vile vya bati saa kumi: vilikuwa na moto wa mfuniko wa sufuria iliyoepuliwa punde, na ukiweka kiganja juu yake, pale hewa inapotokea, ulihisi upepo wa joto ukipanda kuelekea darini. Tulikuwa tumefunga hita ya ukubwa wa dirisha zima, tukiiita pazia.

Kitu kilekile kikiwekwa nje, joto lake hubebwa na upepo wa nje na kuishia hukohuko. Kikinga-jua kizuri cha nje huzuia zaidi ya robo tatu ya joto la jua lililoelekea dirishani. Blaindi ya ndani, hata ikiwa nyeupe, ikifikia nusu imejitahidi. Ile inayofungwa katikati ya vioo viwili hukaa katikati kwa sifa pia.

Ili ukubwa wa jambo hili uonekane: jua la saa kumi alasiri likigonga dirisha la magharibi, huleta wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita mbili za mraba likipitisha asilimia 80, chumba kimepokea karibu kilowati moja. Hiyo ni pasi ya umeme iliyowashwa na kuachwa juu ya meza mpaka machweo. Majengo yana mamia ya madirisha ya namna hiyo.

Saa na kimo cha jua

Swali linalofuata ni kikinga-jua kiwe cha umbo gani na kitokeze kiasi gani. Hapa wengi hukimbilia mitindo, lakini jibu hutolewa na jua, na jua ni kitu kinachotabirika kuliko vyote.

Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana bahati. Pale ikweta, siku ambazo mchana na usiku hulingana, yaani karibu na 21 Machi na 23 Septemba, jua huchomoza mashariki kamili, hupanda wima mpaka utosini, hushuka magharibi kamili. Kila saa hupanda nyuzi 15. Basi chukua saa ya asubuhi uizidishe kwa 15, umepata kimo cha jua: saa moja nyuzi 15, saa mbili nyuzi 30, saa tatu nyuzi 45, saa sita nyuzi 90. Baada ya adhuhuri hesabu hujirudia kinyumenyume: saa tisa nyuzi 45, saa kumi nyuzi 30, saa kumi na moja nyuzi 15. Saa zetu zilianzia kuhesabiwa kwa macheo, na bado zinabeba jua ndani yake. (Saa ya ukutani inaweza kupishana kidogo na jua kwa sababu ya mipaka ya kanda za saa, lakini hesabu haiharibiki.)

Chukua dirisha la magharibi lenye kimo cha mita 1.5, uliwekee kofia, yaani slabu inayotokeza juu yake. Ili kofia hiyo ilifunike dirisha lote kwa kivuli saa tisa, jua likiwa nyuzi 45, lazima itokeze mita 1.5. Saa kumi inahitajika mita 2.6. Saa kumi na moja, mita 5.6. Hakuna anayejenga hiyo. Kofia juu ya dirisha la magharibi, ile ya sentimita 60 tunayoiona kila mahali, hufanya kazi karibu na adhuhuri, wakati jua linakaribia utosi na dirisha halikuwa na shida kubwa tangu mwanzo. Jua la alasiri hupita chini yake.

Geuza dirisha hilohilo litazame kaskazini, palepale ikweta, tarehe 21 Juni, siku ambayo jua limeegemea kaskazini kuliko siku zote. Adhuhuri jua liko nyuzi 66.6, na kofia ya sentimita 65 inafunika kila kitu. Ukitaka kivuli kamili tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, sentimita 92 zinatosha. Ni dirisha lilelile na kofia ya aina ileile. Tofauti yote imeletwa na dira. Dirisha la kusini huwa na hesabu hiyohiyo mwezi Desemba. Liko sharti moja ambalo michoro mingi hulisahau: asubuhi na alasiri jua huja kwa upande, kwa hiyo kofia isiishie pale dirisha linapoishia. Kwa mfano wetu ingebidi ivuke dirisha kwa mita 1.5 kila upande, au iwekewe mapezi ya wima pembeni yaifanyie kazi hiyo.

Kwa hiyo kikinga-jua cha kwanza, tena kisichogharimu kitu, ni namna jengo lilivyolazwa kiwanjani. Jengo refu lililolazwa mashariki-magharibi huelekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, ambako jua hudhibitiwa kwa kofia fupi, na kuacha kuta fupi tu zikabiliane na macheo na machweo. Ukishalilaza vibaya, kila kinachofuata ni kurekebisha kosa kwa fedha.

Mbali na ikweta mambo hubadilika, na kofia huwa na akili ya ajabu. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, jua la adhuhuri mwezi Juni hupanda hadi nyuzi 63, na Desemba hufika nyuzi 16 au 17 tu. Dirisha la kusini la mita 1.5 lenye kofia ya sentimita 75 litakuwa kivulini lote adhuhuri ya kiangazi. Majira ya baridi, kofia ileile itafunika sentimita 22 za juu, na jua linalotamaniwa litaingia hadi ndani. Hakuna mota, hakuna swichi. Lakini hata akili hii ina kikomo: jua la Machi na la Septemba hupita njia moja angani, ilhali Machi huko bado kuna baridi na Septemba ardhi ingali na joto la kiangazi kizima. Slabu haiwezi kuzitambua siku hizo mbili. Mti au mzabibu unaopukutisha majani huweza, kwa sababu wenyewe hufuata joto la hewa na udongo, si kalenda ya jua peke yake. Huchelewa kuchipua na huchelewa kupukutisha, sawasawa na mahitaji ya waliomo ndani.

Turudi magharibi, upande mgumu. Ushauri unaorudiwa sana ni kwamba kaskazini na kusini weka mabapa ya mlalo, mashariki na magharibi weka ya wima. Kwenye latitudo za mbali una mantiki, maana huko jua la chini hutokea kwa mshazari. Karibu na ikweta unapotosha. Jua linashuka likiutazama ukuta wa magharibi uso kwa uso, na mapezi ya wima yaliyosimama moja kwa moja kutoka ukutani hulipisha katikati yake kama watu waliojipanga kumpokea mgeni. Ili yafanye kazi lazima yageuzwe mshazari, na hapo huficha nusu ya mandhari.

Kinachosaidia zaidi ni kuigawa ile kofia kubwa isiyojengeka. Kinachoamua kivuli ni uwiano wa upana wa bapa na nafasi iliyopo kati ya bapa na bapa, wala si ukubwa wake. Kofia ya mita 1.5 juu ya dirisha la mita 1.5, na mabapa kumi na tano ya sentimita 10 yaliyoachana sentimita 10, yote hukata jua la nyuzi 45. Na sasa yainamishe, ukingo wa nje ushuke chini kwa nyuzi 45: mabapa yaleyale, kwa nafasi zilezile, yatakata jua mpaka litakaposhuka nyuzi 22.5, yaani saa kumi na nusu. Umepata kutoka kwenye sentimita saba za unene kile ambacho slabu ya mita tatu isingekupa. Unachotoa ni mandhari: ukiwa umeketi utaona ardhi na miti ya karibu, anga hutaliona. Mimi nitaikubali biashara hiyo upande wa magharibi bila kusita, na kaskazini nitaikataa.

Mlalo na wima vikiunganishwa, uso wa jengo hufanana na trei ya mayai, kila dirisha ndani ya kisanduku chake. Umbo hili lilienea sana katika karne ya 20, na historia yake ina funzo lililolipiwa na watu. Mwaka 1933 lilifunguliwa jijini Paris jengo la kuhifadhi wasio na makazi, lililosanifiwa na Le Corbusier kwa ajili ya Jeshi la Wokovu. Uso wake mkuu ulikuwa ukuta wa kioo usiofunguka, na mitambo ya kupooza hewa iliyokuwa kwenye mpango haikufungwa. Kiangazi kilipofika, waliokuwa ndani walipikwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili uso huo ulitengenezwa upya, safari hii ukiwa na madirisha yanayofunguka na vikinga-jua vya zege. Katikati ya miaka hiyo, Rio de Janeiro, kikundi cha wasanifu wakiongozwa na Lúcio Costa, Oscar Niemeyer akiwemo na Le Corbusier akiwa mshauri, kilisanifu jengo la wizara lililokuwa na mabapa ya kugeuzwa kwa mkono ndani ya visanduku vya zege kwenye uso wa kaskazini, unaopigwa na jua katika kizio cha kusini. Uso wa kusini waliuacha kioo. Jengo moja, nyuso mbili tofauti, kwa sababu jua halizitendei sawa. Ukiona mnara wa leo wenye nyuso nne zinazofanana kabisa, ujue aliyeuchora hakushika dira.

Macho na ngozi

Nilisema kivuli huongeza mwanga. Kwa kipimo cha luksi hakiongezi, lakini chumba hakionwi na kipimo, huonwa na jicho, na jicho hujirekebisha kufuata kitu king'aavu kuliko vyote kilicho mbele yake. Kipande cha jua sakafuni karibu na dirisha kinaweza kuwa na luksi makumi elfu. Jicho likishajikaza kwa ajili yake, kona ya nyuma yenye luksi 300, ambayo ingetosha kwa shughuli nyingi, huonekana giza. Mtu huinuka, anawasha taa saa nane mchana. Ondoa kipande kile cha jua, acha mwanga wa anga peke yake, na kona ileile yenye luksi zilezile, au hata pungufu, inaonekana imeng'ara.

Kwa kawaida mwanga wa kufaa huingia chumbani kwa umbali wa mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha linalofika mita 2.4 kutoka sakafuni litahudumia mita tano au sita. Kimo ndicho muhimu. Kupanua dirisha kwa kulishusha hadi sakafuni huongeza joto na huangaza vidole vya miguu. Ndipo ilipotokea rafu ya mwanga: ubao wa mlalo unaokata dirisha juu kidogo ya usawa wa macho ya aliyesimama. Chini yake kuna dirisha la kutazamia, lililo kivulini mwa rafu. Juu yake kuna dirisha dogo ambalo jua lake hugonga mgongo mweupe wa rafu, hurukia dari, na dari huumwaga mwanga huo ndani kabisa. Jumla ya mwanga haizidi, mgawanyo ndio hubadilika: karibu na kioo hupungua, nyuma hubaki au hupanda kidogo. Dari iwe nyeupe na rafu ipanguswe, kwani vumbi la miezi michache huigeuza kuwa kofia ya kawaida.

Ngozi nayo ina yake. Kiyoyozi hupooza hewa, lakini mwili hubadilishana joto na kuta, dari na vioo vinavyouzunguka kwa njia ya mnururisho, bila kupitia hewa. Hewa ikiwa imetulia, joto analolihisi mtu ni kama wastani wa joto la hewa na la nyuso zinazomzunguka. Hewa ikiwa nyuzi 25 na nyuso nyuzi 35, atahisi nyuzi 30, hata kipimajoto cha ukutani kikisema vingine. Jua likimgonga mwilini huongezeka juu ya hapo. Hii ndiyo sababu ya ule ugomvi wa kila ofisi, aliyekaa dirishani akitaka nyuzi 18 na aliyekaa ndani akivaa sweta. Wote wawili wanasema kweli. Kioo chenye rangi nyeusi hakiumalizi ugomvi huo: kinafyonza jua, chenyewe kinapata moto, na aliyekaa karibu nacho anaketi kando ya kikaango. Tena hupunguza mwanga siku zote, ya mawingu ikiwemo. Vipo vioo vya kisasa vyenye tabaka jembamba la madini vinavyopitisha karibu theluthi mbili ya mwanga na chini ya theluthi moja ya joto la jua, na ni vitu vizuri sana, ila jua la usoni hubaki jua la usoni hata likipita kwenye kioo cha bei mbaya.

Suluhisho la zamani kuliko haya yote lilishughulikia macho na ngozi pamoja. Mashrabiya ya nchi za Kiarabu ni kiambaza cha vijiti vya mbao vilivyokerezwa, kinachotokeza nje ya dirisha. Vijiti ni vya mviringo, na umuhimu wake hauko kwenye urembo tu: bapa lenye kona kali huonekana jeusi likipakana na anga ng'aavu, na jicho huumizwa na mpaka huo, lakini mwanga ukigonga kijiti cha mviringo hupungua polepole kutoka upande wa jua hadi upande wa kivuli, na jicho hupumzika. Sehemu ya chini, usawa wa macho, vijiti hubanana ili kukata mng'ao na kumficha aliyemo ndani. Juu huachana zaidi ili mwanga na upepo vipite. Mitungi ya maji iliwekwa hapo ipate upepo, maji yapoe. Kifaa kimoja kilitunza kivuli, mwanga, hewa, faragha na maji ya kunywa.

Kinachosogea na kinachokaa

Kwa kuwa jua husogea, ni rahisi kuona kwamba kikinga-jua nacho kingesogea. Ni kweli kwamba mabapa yanayogeuka huweza kufuata saa na mawingu, yakafunguka anga linapofifia. Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu iliyofunguliwa Paris mwaka 1987, iliyosanifiwa na Jean Nouvel na wenzake, ina uso wa kusini wenye paneli 240 za chuma zenye matundu yanayofunguka na kufunga kama mboni ya kamera kulingana na mwanga. Ni kazi nzuri mno kutazama. Lakini kila tundu ni mashine, na kwa miaka mingi mengi kati yake yalikwama. Mimi siyapingi mabapa yanayosogea; napinga kuyafunga pale ambapo hakuna fundi wala bajeti ya kuyatunza kwa miaka 30 ijayo. Kinachokaa kimya kikifanya kazi asilimia 70 kila siku hukishinda kinachofanya asilimia 95 kwa miaka minne.

Blaindi ya mkono nayo ni kifaa kinachosogea, na tabia yetu juu yake inajulikana: huifunga mara jua linapotuudhi, kisha huisahau. Hubaki imefungwa kesho, keshokutwa, na siku za mvua. Kwa hiyo hesabu yoyote inayodhani kwamba watu watafungua na kufunga kila saa si hesabu ya majengo yenye watu. Njia ya kuwafanya waiache wazi ni kuondoa ile dakika ya kwanza ya maumivu, na hiyo ni kazi ya kilicho nje. Blaindi ya ndani ibaki kwa zile siku chache na pembe chache ambazo cha nje kimeshindwa kuzifikia.

Kuna mambo madogo ya ujenzi yanayoharibu kazi kubwa. Kofia iliyogandamana na ukuta hukusanya hewa ya moto inayopanda ukutani na kuielekeza dirishani. Mwanya wa sentimita chache kati ya kofia na ukuta, au kofia ya mabapa badala ya slabu nzima, huiachia ipite. Slabu ya zege inayotokea ndani ikaendelea nje ni daraja la joto, hupasha moto penye joto na hupoteza moto penye baridi, kwa hiyo ni bora kikinga-jua kining'inizwe kwa mabano machache. Upande wa chini upakwe rangi nyepesi ili urushe mwanga wa ardhini ndani. Bapa la chuma jeusi lililo karibu sana na kioo litakuwa jiko. Na pafikirike jinsi kioo kitakavyosafishwa nyuma ya mabapa hayo, maana mengi niliyoyaona yaking'olewa hayakung'olewa na mbunifu bali na msafisha madirisha.

Kuhakikisha haya hakuhitaji programu ya kompyuta. Nilitengeneza boksi la kadibodi la chumba chetu kile, sentimita 10 kwa kila mita, nikakata dirisha la sentimita 18, nikabandika karatasi nyeupe darini na kutoboa tundu la kuchungulia ukutani nyuma. Nilikwenda nalo nje saa kumi, nikalielekeza magharibi. Sakafu yote ilikuwa jua. Niliposhikilia ukanda wa kadibodi kama kofia ya sentimita sita, jua halikutikisika. Kisha nikaweka vipande tisa vyeupe vya upana wa sentimita mbili, vimeachana sentimita mbili, vimeinama nyuzi 45. Sakafu ikawa kivuli kitupu, na darini pakabaki mwanga laini uliorushwa na mgongo wa vile vipande, wa kutosha kusoma maandishi ya kiwandani yaliyochapwa ndani ya boksi. Muda mfupi baada ya saa kumi na nusu, mistari myembamba ya jua ikaanza kuchungulia chini ya kila kipande.